Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Safari ya Kasulu na Kibondo

Leo twapenda kuwachukua safarini mpaka Buha, katika nyanda za juu za Kigoma zinazopakana na Burundi, zilipo Kasulu na Kibondo. Tulikwenda huko wakati wa kiangazi, nasi tulirudi na jambo la kuwaambia.

Tulisafiri kwa gari la moshi katika Reli ya Kati. Reli hiyo ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, mwendo wa kilomita 1,250 hivi. Baada ya Tabora nchi huwa tambarare yenye miombo mingi, hata ghafula mtu aona maji na mafunjo. Huo ndio mto Malagarasi. Mto huu una tabia ya ajabu. Huanza milimani karibu na mpaka wa Burundi, si mbali sana na ziwa Tanganyika. Lakini badala ya kuteremka moja kwa moja ziwani, huzunguka kaskazini na mashariki, hupita kati ya Kasulu na Kibondo, huingia katika mabwawa makubwa, kisha hurudi magharibi kwa njia ya Uvinza hata kulifikia ziwa.

Hapo Uvinza zipo chemchemi za maji ya chumvi. Wataalamu wa mambo ya kale walichimba hapo mwaka 1967, wakapata kujua ya kuwa watu wamekuwa wakichemsha chumvi yapata miaka 1,500. Basi msidhani ya kuwa wageni walianza kuja kwa reli. Walikuja zamani sana, kwa miguu, wakifuata chumvi.

Wageni wa zamani walikuwa na desturi ya kulipa hongo kwa wenye nchi. Mwaka 1871 Stanley, akimtafuta Livingstone, aliuvuka Malagarasi kwa mitumbwi baada ya kulipa nguo. Na punda wake mmoja alinyakuliwa na mamba pale pale mtoni. Alipoingia Buha alitozwa tena na tena, hata akachoka, akaondoka na watu wake usiku kwa siri ili asilipe zaidi. Wengine humcheka, wengine humhurumia. Sisi twasema kwamba habari hii yauliza swali moja: mgeni apitapo katika nchi ya watu, amwachie nini mwenyeji?

Reli nayo ilikuwa mgeni. Ilipita kusini, Kasulu na Kibondo zikabaki kando. Serikali ya kikoloni iliihesabu Buha kuwa ghala ya vibarua. Tulipokuwa Kasulu tuliketi na mzee mmoja ambaye katika ujana wake alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkonge, huko Tanga. Tulimwuliza, ‘Babu, reli ilikuleteeni nini?’ Akanyamaza kitambo, kisha akajibu, ‘Wanangu, ilituchukua. Waliorudi walirudi na blanketi na baiskeli. Wengine hawakurudi.’ Maneno hayo hatukuyasahau njia nzima.

Hata hivyo Waha hawakuacha ukarimu. Kwao salamu haifanywi mbiombio. Ukiambiwa ‘Mwakeye’ asubuhi, simama, itikia, ulize habari za nyumbani, ndipo uendelee. Nao wamepokea wageni wenye dhiki kubwa: kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi wa Kongo, na wa Burundi nao wamepokewa katika nchi hii mara nyingi. Ukarimu huo una gharama yake, maana kila chungu chataka kuni, na kuni hutoka msituni.

Mgeni atakayefika ataona nini? Atatembea katika vilima vya zaidi ya futi 4,000, penye upepo mwanana. Atakula ugali wa muhogo kwa maharage, au kwa migebuka iliyotoka ziwani. Kibondo ataonja asali ya miombo. Na katika pori la akiba la Moyowosi, akiisha kupata ruhusa na kufuatana na askari wa wanyamapori, aweza kumwona nzohe apitaye majini, na korongo nyangumi, ndege mkubwa mwenye mdomo mpana kama kiatu, asimamaye kimya akingoja samaki. Mabwawa haya ya Malagarasi na Moyowosi yaliandikwa mwaka 2000 kuwa ardhi oevu yenye thamani kwa dunia nzima, ya kwanza katika Tanzania, eneo la hekta 3,250,000.

Lakini mafunjo yakichomwa, miti ya chemchemi ikikatwa, na samaki wakivuliwa kwa sumu, mgeni atakuja kutazama nini? Wala si mgeni tu. Mafunjo huzuia tope na kuyaachilia maji kidogo kidogo wakati wa kiangazi, nasi sote twayanywa.

Mwaka 2025 Tanzania na Burundi zilitia sahihi mkataba wa kujenga reli mpya kutoka Uvinza mpaka Musongati. Basi reli ya pili yaja. Ya kwanza ilichukua vijana. Hii ya pili ikute vijana wa Buha wenye mizinga yao, mashua zao, nyumba zao za wageni, na elimu ya kumwongoza mgeni katika nchi yao wenyewe. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa ameuza au ameteketeza kile ambacho mgeni amekifuata.