Jeli ya Rosela: Ua la Kando ya Shamba

(Mazungumzo na kikundi cha akina mama baada ya Misa)

Kina mama wapendwa, na nyinyi wazee wawili mliokaa karibu na mlango, karibuni. Hatutawachelewesha, tunajua watoto wanangoja chakula.

Tumeombwa tuzungumze juu ya jeli ya maua. Mmeona zile chupa tulizoleta, nyekundu kama divai ya altare. Kila anayeziona huuliza tumetia rangi gani. Hatukutia rangi yoyote. Ni rosela yenyewe, ile inayojiotea kando ya mashamba na kwenye mahame, na wengi wetu tukilima huikata pamoja na magugu. Huko Sudan na Misri wanaiita karkade na wanainywa kama chai. Senegal wanaiita bissap. Sisi tunaiacha ikauke papo hapo, halafu tunaenda dukani kununua jamu ya kutoka mbali.

Basi kwanza tuelewane ni ua gani. Rosela ni jamaa ya haibiskasi tunayopanda mbele ya nyumba, lakini si ile. Ua lake ni la manjano hafifu, katikati lina doa jekundu lililokolea, na halikai zaidi ya siku moja. Sisi hatupiki yale majani laini ya ua. Yakishaanguka, kile kikombe kinachobaki hunenepa, huwa chekundu na kichachu. Hicho ndicho tunachochuma, kingali laini, kinakatika kwa mkono.

Hapa tuwe wakali kidogo. Siku moja msichana alituletea kikapu kizuri sana, na ndani alikuwa amechanganya yale maua ya manjano ya tarumbeta yanayopandwa kuwa ua wa nyumba. Alisema aliyaona yanapendeza. Yale ni sumu, huharibu mapigo ya moyo, na kupika hakuondoi sumu yake. Oleanda ni vivyo hivyo. Mnanaha pia ni sumu, humvuruga mtu akili. Kwa bahati tulikuwa tumemwaga kikapu mezani kabla ya kuosha. Tangu siku hiyo kila kikapu humwagwa mezani na watu wawili wanaoijua rosela, na kitu ambacho mmoja wao hakijui hakiingii sufuriani. Hata kama ni mama mkubwa wa kikundi ndiye aliyekileta. Tena msichume kando ya barabara kuu, wala karibu na josho la ng'ombe, wala pembeni mwa shamba lililopigwa dawa.

Sasa jikoni. Ondoa kile kifuko cha mbegu kilicho ndani ya kikombe, lakini usikitupe. Vifuko hivyo vina ile gundi inayoitwa pektini, ambayo ndiyo hugandisha jeli. Vifunge kwenye kitambaa safi uvichemshe pamoja na vikombe. Maji yafunike tu, yasizidi. Chemsha kama nusu saa mpaka vikombe vipoteze rangi, kisha mimina kwenye kitambaa cha melimeli kilichoning'inizwa juu ya beseni, uache kichuruzike chenyewe. Msikamue! Tunajua mikono inawasha, lakini ukikamua jeli itakuwa na ukungukungu badala ya kung'aa. Ukiona haitaki kuganda, mapera mabichi machache yaliyokatwakatwa na kuchemshwa pamoja nayo husaidia sana, maana nayo yana pektini nyingi.

Jambo la sufuria. Sufuria zetu karibu zote ni za alumini, na rosela ina asidi inayoila alumini. Tafuteni ya stenlesi au ya enameli isiyobanduka. Kama hamna kabisa, angalau msilaze maji yake kwenye alumini usiku kucha.

Halafu sukari, na hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kikundi chetu kilitaka kuvunjika.

Kipimo ni kikombe kimoja cha sukari kwa kikombe kimoja cha maji ya rosela. Mara yetu ya kwanza tuliona ni ghali mno. Pesa zilikuwa za mkopo kutoka kwa mfuko wetu wenyewe. Tukasema, ah, tutie nusu, nani atajua? Iliganda kiasi, ikawa nzuri tu mdomoni. Tulijaza chupa 24, tukauza 15 baada ya Misa. Wiki ya tatu mteja mmoja akarudi na chupa ina ukungu wa kijani juu. Tukafungua zilizobaki, zote hivyo hivyo.

Wengine walisema tukwangue juu tuuze upya. Mabishano yalikuwa makali, na tusiwafiche, watu wawili walitoka kikundini. Lakini ukungu una mizizi isiyoonekana na unaweza kuacha sumu chini, kwa hiyo hukwangui. Tulizunguka nyumba kwa nyumba kurudisha pesa. Chupa 13 tulizipata, mbili zilikuwa zimeshaliwa. Mkopo tulimaliza kuulipa baada ya miezi mitano, kwa kuuza mandazi.

Sukari si ya utamu tu. Inayashika maji, ukungu ukakosa pa kuishi. Jeli iliyoiva huwa na sukari karibu asilimia 65. Ukitaka kupunguza, pika kidogo, weka kwenye friji, mle nyumbani haraka. Usiuze.

Kujua kama imeiva, weka tone kwenye sahani baridi, ulisukume kwa kidole. Likijikunja kama ngozi ya maziwa, epua. Chupa za kioo ziwe zimechemshwa dakika 10, jeli imiminwe ingali moto, na vifuniko viwe vipya.

Kuna watu watawaambia muiuze kama dawa ya presha. Hapana. Chai ya rosela imechunguzwa na imeonekana kushusha presha kidogo, lakini hii ni jeli, ni sukari tupu, na mwenye kisukari haimfai. Anayemeza dawa za presha na anapenda ile chai aongee na kliniki kwanza. Na kabla ya kupeleka dukani, muoneni afisa wa afya ya umma wa kaunti, mjue pia habari ya alama ya KEBS.

Alhamisi saa nane tutapika hapa ukumbini. Kila mmoja aje na kikapu chake na chupa mbili. Mwenye sufuria ya stenlesi tunamwomba aje nayo, ile ya parokia imevunjika mkono mmoja.