Joto la Mtaroni na Ndoto ya Haidrojeni

Mada kwa wasimamizi wa viwanda na mafundi wa boila, Baba Dogo, Nairobi



Nimepangiwa nianze na maana ya haidrojeni. Tangu serikali izindue mkakati wa haidrojeni ya kijani mwaka 2023, wengi wenu mmeisikia hadi mkachoka, kwa hiyo napita. Joto taka nalo mnalijua: maji ya mvuke uliopoa, maji ya kompresa, maji ya moto ya idara ya kutia nguo rangi.

Njia ya kugeuza joto hilo kuwa haidrojeni ni hii. Tando za aina mbili, moja ya kupitisha ayoni chanya na nyingine hasi, hupangwa kwa kupokezana. Katikati hupita maji ya chumvi kali na ya chumvi hafifu, na tofauti hiyo huzaa umeme; mtafiti R. E. Pattle alilionyesha hilo Uingereza mwaka 1954. Jozi moja ya tando hutoa kama sehemu ya kumi ya volti, na kupasua maji kunataka angalau volti 1.23, ndiyo maana jozi huwa nyingi. Chumvi ikishachanganyika, joto huitenganisha. Mwaka 2012 kikundi cha watafiti cha Bruce Logan, Marekani, kilitumia bikaboneti ya amonia, chumvi ileile ya kuumulia biskuti: ikifika nyuzi 60 hivi hugeuka gesi, kisha hurudishwa kwenye maji ya chumvi kali.

Sasa mtaro, ambamo joto hilo hutupwa. Hapa ndipo ninapogombana na watu miaka yote. Maji ya rangi hutoka kwa mkupuo: mtaro unafuka mvuke, ukirudi baadaye ni baridi. Tena yamebeba rangi, sabuni na nyuzi za pamba. Yapitishe kwenye mabamba ya kuhamishia joto, utaona utelezi wa kijivu umeganda na nyuzi zimejisokota kwenye mianya, joto halipiti tena. Tando hazigusi maji hayo, lakini bila joto la kudumu hazina kazi. Na maji safi ya mvuke uliopoa, ambayo yangefaa, nayo yanaishia mtaro uleule, kwa sababu bomba la kuyarudisha lilitoboka na hakuna aliyelitengea bajeti. Nikiuliza ni lita ngapi, naambiwa "mengi".

Kanuni za Usimamizi wa Nishati za 2012 ziliagiza kila kiwanda kinachotumia kilowati-saa 180,000 au zaidi kwa mwaka kikaguliwe kila miaka 3. Ripoti ninazoziona hupima umeme hadi senti. Joto la mtaroni hupewa sentensi moja ya makisio.

Napendekeza kwanza mpime: kipimajoto na mita ya maji kwenye kila bomba kabla halijafika mtaroni. Mtenganishe bomba la maji safi na la rangi. Maji safi yarudi boilani, kwani kila nyuzi 6 zinazoongezeka huokoa takriban asilimia 1 ya mafuta au kuni. Haidrojeni ipewe joto litakalobaki: kati ya nyuzi 60 na hewa ya nyuzi 25, hata mashine kamilifu haigeuzi zaidi ya asilimia 10 na ushee ya joto kuwa kazi, na tando za leo ziko chini sana ya hapo. Atakayejaribu aanze na jozi chache, kwa maji ya kompresa, mahali penye hewa ya kutosha, maana amonia inasonga pumzi na haidrojeni inalipuka. Mafundi wa boila waingizwe kwenye kamati. Bomba, narudia, litenganishwe. Na vipimo viandikwe kila zamu, hata siku maji yanapotoka baridi.