Biashara Ikiuzwa, Usiharakishe Kuacha Kazi



Mwenye biashara anapoiuza, wafanyakazi wake wakati mwingine hukabidhiwa karatasi iliyokwisha kuchapwa, isemayo kwamba wanaacha kazi kwa hiari yao. Huambiwa kuwa huo ni utaratibu tu, na kwamba mmiliki mpya atawaajiri upya Jumatatu. Leo tunataka kuizungumzia karatasi hiyo.

Kwanza ulizeni: kilichouzwa ni nini? Zikiuzwa hisa za kampuni, mwajiri wenu ni kampuni ile ile, na mikataba yenu haikuguswa. Likiuzwa duka lenyewe, pamoja na bidhaa zake, mkataba wako ulikuwa na muuzaji. Asipokuhitaji tena, yeye ndiye anayesitisha ajira, si wewe. Naye anatakiwa kwanza kutoa taarifa, kueleza sababu na kushauriana nanyi.

Tofauti hiyo ni fedha. Kwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, itumikayo Tanzania Bara, mwajiri anayesitisha ajira hulipa kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usiozidi miaka 10. Karani aliyetumikia miaka 8 hudai siku 56. Akitia saini kwamba ameacha mwenyewe, anaweza kuzikosa zote, kisha kwa mmiliki mpya akaanza kuhesabiwa upya kama mgeni.

Mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo na cheti cha utumishi ni haki yako hata ukiacha kwa hiari. Ukitaka kweli kuondoka, nawe hulipwa kwa mwezi, toa notisi ya maandishi ya siku 28.

Mmiliki mpya akikuahidi kazi, mwombe aandike kwamba miaka yako ya utumishi inaendelea. Wala hatuwafichi: anayekataa bila sababu ya msingi kazi mbadala, hata kwa mwajiri mwingine, anaweza kukosa kiinua mgongo. Jambo hili huwashangaza wengi.

Na aliyekwisha kutia saini kwa kushurutishwa? Sheria humtambua kuwa ameachishwa mfanyakazi aliyeondoka kwa sababu mwajiri aliifanya kazi isivumilike, japo barua inasema ameacha. Apeleke lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu ajira ikome, akiwa na mkataba, hati za mshahara na nakala ya karatasi ile. Kama alinyimwa nakala, aende hivyo hivyo.