Joe Louis na Muhammad Ali: Nani Angelishinda?

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani siku ya makutano yetu, baada ya chakula cha mchana)

Vijana ambao leo mmenyimwa mpira ili mje kunisikiliza mimi:

Katibu aliponiandikia nije kuzungumza, alinishauri nichague jambo la manufaa kwa wanafunzi, kama vile umuhimu wa hisabati. Nimemtii nusu. Nitazungumza juu ya ngumi, lakini hisabati imo, tena hisabati iliyonishindisha njaa.

Mwaka 1974 nilikuwa Kidato cha Tatu, na bwenini nilisifika kwa hesabu. Mwezi wa Oktoba Muhammad Ali na George Foreman walikuwa Kinshasa wakingoja kupigania ubingwa wa dunia wa uzito wa juu. Kitanda cha juu yangu alilala mwenzangu mmoja, sasa ni marehemu, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa mwenyewe hakupenda kutajwa. Yeye alisema Ali atashinda. Mimi nilichukua chaki nikamwandikia ukutani. Joe Frazier alimshinda Ali mwaka 1971. Ken Norton alimshinda Ali mwaka 1973 na kumvunja taya. Foreman alimwangusha Frazier mara sita kule Kingston, na pambano likasimamishwa raundi ya pili. Norton naye hakuipita raundi ya pili mbele ya Foreman kule Caracas. Basi ikiwa A ni kubwa kuliko B, na B ni kubwa kuliko C, mtu mzima anauliza nini tena juu ya A na C? Tukawekeana mkate wa asubuhi wa wiki mbili.

Pambano lilianza saa kumi alfajiri kwa saa za Kinshasa, ili Wamarekani walitazame usiku wao. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, Jumatano, tarehe 30 Oktoba. Tulikuwa tunafagia uwanja wakati mwalimu wa zamu alipotoka na redio yake mkononi, akatuambia kwamba Foreman ameangushwa raundi ya 8. Kwa wiki mbili nilikunywa chai kavu huku mwenzangu akila mikate miwili. Hakunicheka. Siku ya kwanza tu alinisogelea akasema, "Ndugu yangu, watu hawajumlishwi."

Tangu siku hiyo ubishi wetu haukukoma. Tulimaliza shule, kila mtu akashika njia yake, lakini barua zake zote, baada ya salamu za watoto na habari za mvua, zilikuwa na mistari miwili ya ngumi. Swali lilikuwa lile lile: kama Joe Louis wa mwaka 1938 angelikutana na Muhammad Ali wa mwaka 1967, nani angelishinda? Ajabu ni kwamba yeye, shabiki wa Ali kufa na kupona, alisema ni Louis. Baba yake alikuwa askari wa KAR huko Burma, na jina la Louis alilisikia kwa baba yake kabla hajajua kusoma. Barua yake ya mwisho ilinifikia mwaka 2019. Aliandika: "Nijibu sasa, lakini kwa sababu, si kwa hesabu." Nikaiweka mezani nikisema nitamjibu kwa utulivu. Miezi miwili baadaye nikapigiwa simu kwamba tumempoteza. Kwa hiyo, ndugu zangu, hii si hotuba hasa. Ni jibu la barua, nanyi mnanisikiliza nikilisoma.

Si sisi wawili wa kwanza kubishana hivi. Mwaka 1967 Mmarekani mmoja wa Miami, mtayarishaji wa vipindi vya redio aitwaye Murray Woroner, alikusanya majina ya mabingwa 16 wa zamani na wa wakati ule, akawaingiza katika kompyuta ili wapigane. Mashine ilitoa matokeo na redio ikayatangaza kama pambano la kweli, kengele zikilia na watu wakishangilia. Mshindi akawa Rocky Marciano, aliyemshinda Jack Dempsey katika fainali. Ali alitolewa mapema na Jim Jeffries, bingwa wa miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Ali alikasirika akaenda mahakamani. Mwisho wake akakubali kuingia ulingoni na Marciano mwenyewe mwaka 1969, wapigwe picha za filamu. Mmoja alikuwa amefungiwa ngumi kwa kukataa kwenda vita vya Vietnam. Mwingine alikuwa amestaafu tangu 1956, akavaa nywele za bandia kuficha upara. Walipiga picha za miisho kadhaa bila kujua upi utatumika. Marciano hakuuona. Alikufa katika ajali ya ndege tarehe 31 Agosti mwaka ule ule, wiki chache baada ya kazi hiyo. Filamu ilipoonyeshwa Januari 1970, Wamarekani walimwona Marciano akimwangusha Ali raundi ya 13. Watazamaji wa Ulaya wakaonyeshwa mwisho mwingine, Ali akishinda.

Vijana, msije mkadhani mashine ile ilijua kitu. Ililishwa maoni ya waandishi na wataalamu wa ngumi, nayo ikayatema kama ilivyoyameza. Ilikuwa chaki yangu ya ukutani, ila ya fedha nyingi.

Nataka nikae kidogo kwa huyu Jeffries, maana hapo ndipo jambo lenyewe linapouma. Jeffries alistaafu mwaka 1905 bila kushindwa. Mwaka 1908 Jack Johnson akawa Mweusi wa kwanza kuutwaa ubingwa wa uzito wa juu, alipomshinda Tommy Burns kule Sydney. Wazungu wa Marekani hawakulala. Wakamsihi Jeffries arudi aurudishe ubingwa kwa watu wake, naye akarudi. Tarehe 4 Julai 1910, mjini Reno, katika pambano lililopangiwa raundi 45, Johnson alimpiga hadi wakamwokoa raundi ya 15. Usiku ule Weusi walishambuliwa katika miji mingi, na watu waliuawa kwa sababu ya matokeo ya ngumi. Sasa mtu aniambie: Jeffries huyo huyo, miaka 57 baadaye, anapewa na mashine ushindi juu ya Muhammad Ali, mwaka ule ule Ali aliponyang'anywa ubingwa wake. Sisemi kuna mtu aliyekusudia. Nasema tu kwamba nilipoisoma habari hiyo nilielewa kwa nini Ali alikwenda mahakamani.

Tena yako mapambano mengine ya kubuni ambayo hayakuhitaji kubuniwa. Wahusika walikuwa hai, wenye nguvu, katika nchi moja. John L. Sullivan alikataa kupigana na Mweusi, hivyo Peter Jackson hakuipata nafasi yake, ingawa mwaka 1891 alipigana raundi 61 na James Corbett bila mshindi kupatikana, na Corbett huyo ndiye aliyemvua Sullivan ubingwa mwaka uliofuata. Harry Wills alimngoja Dempsey miaka mingi hadi ujana ukamwisha. Sam Langford hakuwahi kuupigania ubingwa huo kabisa. Na hapa haki lazima isemwe, kwa kuwa hata Johnson, akiisha kuwa bingwa, hakumpa nafasi. Johnson alipoanguka Havana mwaka 1915 mlango ulifungwa, na haukufunguliwa kwa Mweusi mwingine hadi Louis aliposhinda mwaka 1937. Miaka 22! Mtu akiniuliza Dempsey angelimfanya nini Tyson, humwambia aanze kwa kumwuliza Dempsey habari za Wills.

Huko nyuma, kwenye meza za vijana, nimesikia mtu akinong'ona kwamba mabingwa wa zamani walikuwa wadogo mno, wasingeliweza kusimama na majitu ya siku hizi. Ni kweli, Marciano alikuwa na ratili 185 hivi, na Tyson Fury huzidi 260. Lakini Dempsey alimzidiwa Jess Willard kwa ratili 58 mwaka 1919, akamwangusha mara saba katika raundi ya kwanza. Na juzi tu, Mei 2024 kule Riyadh, Oleksandr Usyk alikuwa mwepesi kuliko Fury kwa karibu ratili 40, akamshinda kwa pointi. Uzito ni silaha, lakini mkono unaoibeba ndio unaohesabiwa.

Kinachogeuza matokeo kuliko uzito ni sheria. Dempsey alipomwangusha Willard alisimama karibu naye na kumpiga tena alipoinuka, kwa kuwa siku zile hakulazimika kwenda kona ya mbali. Na raundi zenyewe je? Mwaka 1941 Louis alipigana na Billy Conn, kijana mwenye ratili zipatazo 170, mwepesi wa miguu. Baada ya raundi 12 Conn alikuwa mbele kwenye karatasi mbili za pointi, ya tatu ikiwa sare. Raundi ya 13 akaingia tamaa ya kumwangusha Louis, naye akaangushwa zikiwa zimebaki sekunde mbili kengele ilie. Mapambano ya ubingwa siku hizi ni ya raundi 12. Kwa sheria hiyo, Conn angelikuwa bingwa wa dunia na Louis angelikwenda nyumbani.

Sasa namjibu mwenzangu.

Kwa upande wako ndugu yangu, nakupa haya. Ali alishusha mikono na kulikwepa konde kwa kurudisha kichwa nyuma, jambo ambalo kila mwalimu wa ngumi hulikataza. Henry Cooper alimwangusha kwa konde la kushoto mwaka 1963, Frazier vile vile mwaka 1971, na Louis alikuwa na mikono mifupi ya safari na sahihi kuliko wote wawili. Max Schmeling alimshinda mwaka 1936. Mwaka 1938 Louis alimmaliza katika sekunde 124. Mtu huyo hakuhitaji kukosewa mara mbili.

Lakini Louis alitembea ulingoni kwa kuburuza nyayo, na Conn alituonyesha sote kwamba miguu ilimtaabisha. Ali wa mwaka 1967 alikuwa Conn mwenye ratili 40 za ziada na mikono mirefu zaidi, na pumzi ya raundi 15 alikuwa nayo. Tena Schmeling aliona kwamba Louis akishapiga mkono wa kushoto huurudisha chini, akapitisha mkono wa kulia hapo. Mkono wa kulia unaotangulia bila kuonywa ndio ule ule Ali aliomtia Foreman raundi ya kwanza kule Kinshasa. Louis alilirekebisha kosa lile, ndiyo, lakini kwa mtu aliyesimama mbele yake. Ali hakusimama.

Kwa hiyo, kwa raundi 15, na kwa sheria ya kona ya mbali, naandika hivi: raundi tano za kwanza Louis hampati. Ya sita na ya saba anampata mbavuni. Raundi ya 10 anamwangusha kwa mkono wa kushoto, na humu ukumbini nyote mnasimama. Refa anahesabu hadi sita, Ali anainuka kama alivyoinuka kwa Cooper na kwa Frazier, anamkumbatia Louis hadi kengele, kisha anaanza tena kucheza kwa miguu. Ali kwa pointi, raundi tisa kwa sita. Kwa sheria za siku za Dempsey, Louis akiruhusiwa kumsimamia pale chini, nageuza jibu na mikate yote ni yako.

Aliye upande wa Louis atanikuta kwenye chai, meza ya karibu na jiko.