Baresi si ile penalti

Akitajwa Franco Baresi, wengi hukumbuka penalti moja tu: Pasadena, Julai 17, 1994, mpira ukapaa juu ya mwamba na Brazil ikatwaa Kombe la Dunia. Hiyo si haki. Beki huyo wa Italia aliumia goti dhidi ya Norway Juni 23, akafanyiwa upasuaji, na siku ya fainali akarudi kikosini. Kwa dakika 120 Romário na Bebeto hawakuziona nyavu. Itazame tena mechi ile: anaisoma pasi kabla haijapigwa, anasogea hatua moja mbele, mkono juu, na mshambuliaji keshaotea.

Inter ilimkataa akiwa kijana, ikabaki na kaka yake, Giuseppe. AC Milan ikamchukua. Iliposhuka daraja mara mbili, 1980 na 1982, hakuikimbia. Akavaa kitambaa cha unahodha akiwa na miaka 22. Mechi 719, mataji sita ya ligi. Alipostaafu mwaka 1997, Milan iliiondoa jezi namba 6, na mimi naona ilifanya vyema kabisa.