Gharama ya Reli Iko Wapi, na Nani Huilipa



Kila dola inapoazimia kujenga reli mpya, swali la kwanza liulizwalo bungeni na magazetini ni kilomita moja itagharimu kiasi gani. Na wahandisi, kwa kuwa wanajua muulizaji hana subira, huigawa jumla ya fedha kwa jumla ya masafa, wakatoa jawabu ambalo kwa hesabu ni sahihi na kwa maana ni potofu. Reli haijengwi kwa wastani. Gharama yake hujikusanya mahali pachache, na asiyepajua mahali hapo huwa hajaijua gharama hata akikariri tarakimu zote za bajeti.

Natwaa mathalan TAZARA, ambayo wazee wetu waliiita Reli ya Uhuru: kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kwa mkopo wa China wa yuan milioni 988 usio na riba, baada ya wakubwa wa fedha wa Magharibi kuukataa mradi huo kwa hoja kwamba hautajilipa. Gawanya, nawe utapata takriban yuan 531,000 kwa kila kilomita. Sasa tazama jinsi kazi yenyewe ilivyokwenda. Ujenzi ulianza Oktoba 1970, na kabla ya mwaka 1971 kwisha reli zilikuwa zimekwisha kutandikwa hadi Mlimba, masafa ya kilomita 500 hivi. Ilhali kutoka Mlimba kupanda hadi Makambako, ambako ni takriban kilomita 160 tu, kulihitaji zaidi ya mwaka mwingine. Huko nyanda tambarare zimekwisha na milima imeanza, na kwa kuwa garimoshi lenye shehena halina nguvu za kupanda mteremko mkali, njia haina budi kuzunguka, au kuukata mlima, au kupita tumboni mwake. Mengi ya mahandaki 22 ya reli nzima yamo katika kipande hicho. Chuma, mataruma na kokoto ni vitu vyenye bei ijulikanayo, hata karani aweza kuvihesabu. Bali udongo laini uporomokao mvua inaponyesha, na mwamba usiojulikana unene wake mpaka utobolewe, hakuna karani aliyewahi kuviandikia bei iliyo kweli.

Waingereza walikwisha kuonja hayo kabla yetu. Mwaka 1896 Bunge lao liliidhinisha pauni milioni 3 kwa reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Nyanza, na ilipofika ziwani mnamo Desemba 1901 ilikuwa imekula zaidi ya milioni 5. Nyika ya Taru haikuwa na maji, ikawapasa kuyabeba kwa garimoshi nyuma ya wajenzi. Kisha likaja Bonde la Ufa, ambako ilibidi kwanza kuyashusha mabehewa kwa kamba za chuma. Katika vibarua wapatao 32,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, takriban 2,500 walikufa, na hao hawakuingizwa katika daftari la pauni. Nasi pia tunao wetu wa namna hiyo: wako Wachina waliojenga TAZARA wakazikwa Gongo la Mboto.

Lakini jambo ambalo mimi hustaajabia zaidi katika TAZARA, na ambalo naona limesahauliwa isivyostahiki, ni namna mishahara ya vibarua ilivyopatikana. China haikuwa na shilingi wala kwacha za kuwalipa. Basi sehemu kubwa ya mkopo ilikuja kwa sura ya bidhaa, ambazo hapa kwetu zilipokelewa na Shirika la Biashara la Taifa na kuuzwa madukani, na fedha iliyopatikana ndiyo iliyolipia gharama za ndani. Kwa hiyo yule aliyenunua kitambaa cha Kichina mjini Dodoma, mahali ambapo TAZARA haipiti kabisa, alikuwa, pasipo kuambiwa, akilipia tuta la reli huko Kilombero. Ulikuwa ufundi mkubwa wa hesabu. Ila nathubutu kusema kwamba ulimfanya mnunuzi kuwa mfadhili bila ya kumwomba rai, na duka kulazimika kuuza kile kilicholetwa, si kile kilichotakiwa.

Iko pia gharama ya upana wa njia. TAZARA ilipewa milimita 1,067 ili ipatane na reli za Zambia na kusini kwake, na Reli ya Kati ilikuwa ya milimita 1,000 tangu Wajerumani. Ndiyo sababu shehena itokayo moja kwenda nyingine huhamishwa Kidatu. Uamuzi ulikuwa wa haki, lakini hulipiwa kila siku.

Septemba 2025 serikali za Tanzania na Zambia zilitia saini kuikabidhi TAZARA kwa kampuni ya Kichina kwa muda wa miaka 30, kwa ahadi ya dola bilioni 1.4 za kuikarabati na kuinunulia vichwa na mabehewa. Magazeti yameitangaza jumla. Mimi, kama ningekuwa mbunge, ningeomba kwanza nionyeshwe ni kiasi gani kimetengwa kwa zile kilomita 160 baina ya Mlimba na Makambako.