Sindano ya seli shina kwenye kiwiko

Msikilizaji, maumivu ya kiwiko cha tenisi huwapata wengi wasiowahi kushika raketi: seremala anayekaza skrubu, dobi anayekamua mashuka.

Sasa, kwa nini sindano ya seli shina inazungumzwa? Nchini Korea Kusini, watafiti waliwadunga wagonjwa 12 seli zilizotokana na mafuta ya mwili wa mtu mwingine. Ripoti yao ya mwaka 2015 ilionyesha maumivu yamepungua hadi wiki ya 52. Inatia moyo, maana sindano ya steroidi hutuliza upesi, kisha maumivu hurudi.

Lakini sikiliza hili: hapakuwa na kundi la kulinganishia, na wengi hupona bila sindano yoyote ndani ya mwaka mmoja au miwili. Majaribio makubwa yanahitajika kwanza. Je, anayekuuzia sindano hiyo leo amekueleza hayo?